Majengo ya Shule na Wenyeji Wake

Mgeni afikaye Gede huziona kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zingali zimesimama, ingawa mji ule uliachwa tangu karne ya 17. Lakini katika pwani hii hii, kutoka Mtwapa hata Magarini, si ajabu kuona chumba cha darasa ambacho hakijatimiza miaka 20, saruji yake imepasuka na chuma cha ndani chaonekana chekundu kwa kutu. Sababu haifichiki. Mchanga wa ufukoni una chumvi, na chumvi hula chuma. Fundi aliyepewa fedha haba, na ambaye hapana mtu wa kumwuliza, huchota mchanga ulio karibu.

Kwa hiyo mpango wa kujenga au kutengeneza shule haufai kuanza kwa fundi. Mzee wa mtaa ajua maji ya masika yapita wapi. Mwalimu ajua ni ukuta gani uchomwao na jua saa mbili asubuhi. Maana nyumba ambayo urefu wake waelekea mashariki na magharibi haisumbuliwi na jua, na upepo wa kusi hupita madirishani mwake. Wasichana nao wajua kwa nini choo kilichowekwa nyuma ya kichaka hakitumiwi. Ni nadra kuulizwa.

Kuchanga si desturi ngeni. Baada ya Uhuru wa 1963 shule nyingi zilijengwa kwa Harambee. Ada ilipoondolewa katika madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, watoto walizidi vyumba, na wazazi wakatozwa fedha za ujenzi. Mwaka 2003 ada ikaondolewa katika shule zote za msingi za serikali. Watoto nchini wakapanda kutoka kama milioni 5.9 hata milioni 7.2 kwa mwaka mmoja, na wengi wakadhani kwamba kazi ya mwenyeji imekwisha. Haikwisha. Sheria ya Elimu ya 2013 yawapa wazazi viti katika bodi ya shule, na kiti si cha kulalia.

Liko jambo moja ambalo wenyeji hubishana nalo sana. Kanuni za usalama za 2008 zataka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Wazazi huvitaka vyuma kwa kuwaogopa wezi, na hofu yao ina haki. Lakini moto ukizuka, mtoto hana pa kutokea. Afadhali mlinzi na mbao nzito.

Katika Ganze mwaka wa ukame, kumdai mtu shilingi ni kumwonea. Na atoe siku za kazi, tena baada ya mavuno, si wakati wa kulima. Hesabu ibandikwe mlangoni: mifuko mingapi ya saruji imenunuliwa, mingapi imetumika, na ufunguo wa ghala anao nani.