Anayenunua Nyumba Aje na Fundi Wake

Ukienda mnadani kununua ng'ombe, hutoi fedha kwa kumwona mnyama kwa mbali. Unamfungua kinywa na kutazama meno. Unamwendesha uone kama anachechemea. Ukinunua baiskeli, unaipanda kwanza. Lakini watu wengi hununua nyumba kwa kuizunguka mara moja, kusifu rangi ya ukuta na kuhesabu fedha. Ng'ombe akiwa mbovu, utapata hasara. Nyumba ikiwa mbovu, inaweza kuwaangukia watoto wako wakiwa usingizini.

Nyumba ni lazima ikaguliwe kabla ya kununuliwa. Hapo wengi tunakubaliana. Ubishi huanza kwenye malipo. Fundi wa kukagua alipwe na nani, muuzaji au mnunuzi? Maoni yangu ni haya: mnunuzi amlipe fundi wa kukagua, na muuzaji abebe gharama ya ubovu utakaoonekana.

Kwanza tujue kinachokaguliwa.

Kuta. Ufa mwembamba kwenye lipu si jambo kubwa. Ufa unaopitisha kidole, au unaotoka dirishani mpaka chini, ni dalili kwamba huenda msingi unatitia.

Paa. Fundi apande juu, achome mbao za kenchi kwa kisu. Kisu kikizama bila nguvu, mchwa wamekwisha kula mti. Bati jipya juu ya mti uliooza ni mtego.

Choo cha shimo. Kama sakafu ya choo imelazwa juu ya magogo, magogo hayo huoza polepole bila kuonekana. Ardhi iliyobonyea kando ya choo ni onyo.

Umeme. Kazi ya TANESCO huishia kwenye mita. Waya za ndani ni za mwenye nyumba. Ukinunua nyumba, umenunua na waya zake. Soketi inayopata moto, waya zilizoungwa kwa nailoni, waya wa kwenda ardhini uliokatika: mambo haya huunguza nyumba na kuua watu. Hapa aitwe fundi mwenye leseni ya EWURA, si kijana yeyote mwenye bisibisi.

Sasa nieleze kwa nini mnunuzi alipe.

Fundi ni binadamu. Anayempa fedha ndiye anayemsikiliza. Muuzaji akimleta fundi wake na kumlipa, fundi huyo anajua kwamba akisema paa limeoza, biashara itavunjika, na huenda asiitwe tena. Hata akiwa mwaminifu, ulimi wake utakuwa mzito. Lakini fundi uliyemleta wewe mnunuzi hana sababu ya kuficha. Macho yake ni macho yako. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali fundi wa dalali. Dalali hupata chake nyumba ikiuzwa.

Wapo wanaosema, "Muuzaji ndiye anayepokea fedha nyingi, basi yeye alipe." Maneno haya yana sehemu ya ukweli. Lakini tukumbuke kwamba wengi huuza nyumba wakiwa na shida. Mgonjwa yuko hospitali, au ada ya mtoto inadaiwa. Mtu huyo hana fedha kabla ya kuuza. Tena wakija wanunuzi watatu, kila mmoja na mashaka yake, je, alipe mara tatu?

Mataifa mengine yameamua jambo hili kwa njia mbalimbali. Huko Uskoti, tangu tarehe 1 Desemba 2008, anayeuza nyumba hutakiwa na sheria kuwa na ripoti ya mkaguzi, na gharama ni yake. England ni jirani yao, lakini huko mnunuzi ndiye humtafuta mkaguzi wake na kumlipa. Huko Ufaransa, kama waya za umeme za nyumba zimepita miaka 15, muuzaji hana budi kutoa ripoti ya ukaguzi wa umeme. Mpango wa Uskoti unafaa kwa sababu mkaguzi wao amesajiliwa, na akizembea anawajibika hata kwa mnunuzi ambaye hakumlipa. Kijijini kwetu hakuna mkaguzi wa namna hiyo. Kwa hiyo mnunuzi ajilinde mwenyewe.

Tufanye hesabu. Tuseme nyumba inauzwa kwa shilingi 6,000,000. Fundi wa nyumba na fundi wa umeme wanataka jumla ya shilingi 60,000. Hiyo ni shilingi 1 katika kila shilingi 100 za bei. Wakikuta nyumba ni mbovu kabisa ukaacha kununua, umepoteza 60,000 lakini umeokoa 6,000,000. Wakikuta kenchi zimeliwa, na kuzibadilisha ni shilingi 500,000, mwambie muuzaji achague: atengeneze kabla hujalipa, au apunguze bei kwa kiasi hicho. Hiyo ndiyo sehemu yake. Ubovu ulitokea nyumba ikiwa mikononi mwake, wala si haki kumwuzia mwenzake hatari kwa bei ya nyumba nzima.

Muuzaji ana wajibu mwingine usiohitaji fedha. Afungue kila chumba. Aseme kweli anayoijua. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inampa aliyedanganywa haki ya kuukataa mkataba. Lakini wewe mnunuzi usiitegemee sheria hiyo ukalala. Ikiwa muuzaji alinyamaza tu, na kasoro ungeweza kuiona kwa uangalifu wa kawaida, huenda sheria isikusaidie. Aliyefumba macho hana wa kumlaumu.

Basi tuzingatie mambo manne:

1. Mnunuzi alete mafundi wake, na awalipe kabla ya kazi au siku hiyo hiyo. Wasisubiri nyumba inunuliwe ndipo walipwe, maana nao watataka inunuliwe.

2. Mnunuzi na muuzaji waifuate kazi pamoja, waone kwa macho yao.

3. Kila ubovu uandikwe kwenye daftari, pamoja na gharama na jina la atakayelipa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Wote wawili watie sahihi mbele ya mashahidi kabla fedha hazijatolewa.

Ndugu msomaji, zamani mtu asiyejua kusoma aliweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakujua imeandikwa nini. Leo wewe unasoma na kuandika. Elimu hiyo itumie siku unaponunua mahali pa kulaza watoto wako.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini mwandishi anasema fundi asiletwe na muuzaji? Je, unakubali?

2. Nyumba inauzwa shilingi 4,500,000. Mafundi wameona matengenezo ya shilingi 350,000. Muuzaji akikubali kupunguza bei kwa kiasi hicho, mnunuzi atalipa kiasi gani?

3. Kijijini kwenu kuna fundi gani wa umeme mwenye leseni? Kama hayupo, mtampata wapi?