Baba wa Kweli Hakosi Salio, Eti!

Tunajua kwamba matangazo ya biashara ndiyo yanayolipa umeme wa studio, na hatujawahi kudai taarifa ya habari ya saa mbili usiku tuletewe bure, bila kuuziwa sabuni na saruji. Hilo tulishalikubali. Tumemvumilia mama anayerukaruka kwa furaha kwa sababu doa limetoka kwenye kola. Tumemvumilia daktari asiye daktari, koti jeupe limepigwa pasi, akitufundisha kupiga mswaki. Tumemvumilia hata yule bwana wa mwisho anayesema "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa pumzi moja, utadhani anakimbizwa. Matangazo mabaya hayatuudhi. Yakianza, tunanyanyuka kuongeza chai, tukirudi yamekwisha.

Tunalolalamikia ni lile zuri.

Mnalijua, la kampuni ya simu. Mzee wa pwani anashona wavu alfajiri. Mwanzoni hakuna muziki, ni mawimbi tu, na kamera inakaa kwenye mikono yake mpaka unauona ukucha wa kidole gumba uliowahi kupasuka na kuota upya kwa upande. Mwenzetu mmoja aliyekulia Pangani aliapa kwamba pale ni kwao, eti ameuona mto na pantoni ikivuka kwenda Bweni. Hatukumbishia, maana alikuwa anafuta macho. Mzee anapeleka samaki mnadani, anahesabu noti zilizolowa, anazitenga mafungu mafungu, fungu la mwisho anaingia nalo dukani kununua vocha. Anapanda kilima kutafuta mtandao. Huku bara, binti yake yuko bweni la chuo, simu inaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Basi. Hakuuliza matokeo ya mtihani, hakuhubiri. Sebuleni kwa mama mwenye nyumba, ambako wapangaji wote hukusanyika kwa kuwa ndiko kwenye luninga kubwa, hakuna aliyekohoa. Kisha skrini ikajaa rangi za kampuni na sauti nene ya kiume ikatutangazia: "Baba wa kweli hakosi salio."

Fundi cherehani wa chumba cha uani, mwenye watoto watatu, ndiye aliyevunja ukimya. "Kumbe mimi baba wa bandia!" Tulicheka, lakini si wote. Mama mwenye nyumba alisema "astaghafiru" na kuchukua rimoti.

Jamani, wengi wetu tumelelewa na baba wasiokuwa na salio. Tumelelewa kwa kubipu. Mlio mmoja, nimefika salama, miwili, nipigie, mitatu mfululizo, kuna mgonjwa, tafuta hela. Kuna baba aliyekuwa akienda kuazima simu kwa jirani kila Jumapili jioni na namba ya mwanawe ameiandika kwa kalamu kwenye ganda la kiberiti, mpaka wino ukafutika naye akawa ameishika kichwani. Hakuwa na salio, hakuwa na simu. Aje mtu wa sauti nene amwambie kwamba hakuwa baba wa kweli!

Tena yule mzee wa kwenye tangazo ndiye baba huyo huyo. Noti zile zilizolowa kila aliyeishi pwani anajua zina kazi gani: unga, mafuta, deni la nyuzi. Tulimlilia kwa sababu vocha ile ilimuuma na bado akainunua. Dakika nzima picha zinamsifu, halafu sekunde tatu za mwisho zinamchukua mzee wa watu na kumgeuza fimbo ya kuwachapia wenzake walioshindwa kununua.

Kampuni ingekuwa ya watu wa mbali tungesema hawajui. Lakini hii ni nchi ya kanga. Mwanamke anaingia dukani, rangi zimempendeza, mji umempendeza, pindo limekaa sawasawa, bado hajatoa hela mpaka asome jina. Atalisoma, atamfikiria wifi yake, atamfikiria jirani, atajiuliza nani atadhani kapigwa kijembe, na jina likienda kombo kanga inarudi kwenye rafu hata ingekuwa nzuri namna gani. Muuzaji naye hashangai. Watu waliozaliwa na kubebwa ndani ya kanga wanawezaje kukaa kikaoni na kuidhinisha jina kama lile?

Kijana anayepanga chumba cha barazani, aliyewahi kubeba taa kwenye upigaji picha wa matangazo, anasema tusimlaumu mwongozaji. Mwongozaji alipewa hadithi akaipiga picha. Kaulimbiu, anasema, inatoka kwa mteja na wakala wake, inapita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja anataka kuacha alama yake, na ikifika mwisho imeshasainiwa na wakubwa kiasi kwamba hakuna wa kuigusa. Tunamwamini. Tunaongeza letu moja tu: waliokaa kwenye kikao kile wote walikuwa na simu zinazolipiwa na ofisi.

Mwalimu wetu mstaafu anasema ugonjwa huu ni wa dunia nzima, na ana mfano anaoupenda. Tarehe 6 Februari 2011, Wamarekani wapatao milioni 111 walikuwa wanatazama Super Bowl, fainali ya mpira wao, ambayo sekunde 30 za tangazo ziliuzwa kwa dola zinazokaribia milioni 3. Kampuni ya Groupon, inayouza punguzo la bei, ikarusha tangazo la Tibet: milima, nyuso za watu, sauti ya upole ya mwigizaji Timothy Hutton ikisema watu wa Tibet wako taabuni na utamaduni wao uko hatarini. Unajiandaa kuombwa mchango. Ghafla bwana anageuza maneno, kwamba hata hivyo bado wanapika mchuzi wa samaki mtamu ajabu, na kumbe yeye ameketi mgahawani Chicago, anakula chakula cha dola 30 kwa dola 15! Nia yao, walisema baadaye, ilikuwa kujicheka wenyewe, na kwenye tovuti yao walikuwa wameweka hata utaratibu wa kuchangia mashirika ya hisani, likiwamo la Watibeti. Lakini tangazo lenyewe halikuyasema hayo. Mkuu wa kampuni, Andrew Mason, alianza kwa kulitetea, na wiki ile ile akaomba radhi na kuliondoa.

Miaka minne baadaye, kwenye fainali hiyo hiyo, kampuni ya bima ya Nationwide ilimleta mtoto wa kiume mwenye sura ya kupendeza, akihesabu mambo ambayo hatayafanya kamwe: kuendesha baiskeli, kusafiri, kuoa. Picha tamu, baiskeli inakwenda, watoto wanacheka. Halafu mtoto anasema hatakua, kwa kuwa alikufa kwa ajali. Nchi nzima imeshika vitafunwa. Kampuni ikaeleza kwamba haikukusudia kuuza bima, ilitaka watu wazungumzie usalama wa watoto nyumbani. Walizungumza kweli, ila waliyoyazungumza mwalimu hapendi kuyarudia mbele ya watoto.

Sasa hao wenzetu angalau walipata pigo moja la usiku mmoja. Sisi tunachapwa kila siku, na hapa ndipo malalamiko yetu yanapokolea. Muda wa hewani unanunuliwa kwa sekunde. Lile tangazo la dakika nzima tuliliona wiki ya kwanza tu. Baadaye likaja la nusu dakika: mnada umeondoka, kilima kimeondoka. Sasa hivi linapita la sekunde 15, mara nne kabla ya michezo na mara nyingine kabla ya hali ya hewa. Mzee anaonekana mgongo, simu inaita, "Baba wa kweli hakosi salio." Mikono imekatwa. Pantoni imekatwa. "Umekula?" imekatwa! Mkasi umepita kwenye kila kitu tulichokipenda, na yale maneno matano yaliyotuchoma hayakuguswa, kwa sababu hayo ndiyo yaliyolipiwa. Watoto waliozaliwa juzi watadhani tangazo lilikuwa hilo tu.

Na maneno yameshatoka nje ya luninga. Kijiweni, abiria akisema hana chenji, bodaboda wanamjibu kwa sauti nene, "Baba wa kweli hakosi chenji." Sawa, huo ni utani wa vijana, hata abiria anacheka. Lakini binti wa pili wa fundi cherehani, wa darasa la nne, alirudi kutoka shuleni wiki iliyopita akiwa kimya. Wenzake walishachangia hela ya mtihani wa majaribio, yeye bado, na kuna mtoto akamwimbia hivyo hivyo mbele ya darasa, baba wa kweli hakosi nini na nini. Fundi alishona usiku kucha. Hela ikapatikana asubuhi, lakini hakusema neno wakati wa kuitoa.

Mama mwenye nyumba ameshalitengeneza tangazo lile bila kulipwa. Anasema lingeishia kwenye "Umekula?", binti, ambaye labda hajala, ajibu "nimekula baba", kisha jina la kampuni litokee kimya kimya. Nani angeshindwa kujua kwamba ni kampuni ya simu, na simu inaonekana mkononi? Hata hivyo anashuku kwamba katika ofisi zile ukimya hauna anayeulipia.

Tulimtuma fundi apeleke malalamiko rasmi, kwa kuwa ndiye mwenye haki zaidi. Namba ya huduma kwa wateja ni ya bure, hilo tunawapongeza. Alibonyeza moja kwa Kiswahili, akabonyeza tano, akabonyeza sifuri, akaambiwa wahudumu wote wanahudumia wateja wengine na simu yake ni ya muhimu sana. Ukapigwa muziki wa lile tangazo, mawimbi yakasikika, na sisi wote tumemzunguka, spika imefunguliwa. Yule bwana wa sauti nene akaanza: "Baba wa kweli—"

Fundi akakata. Kesho anajaribu mwalimu, ambaye kwa bahati hana mtoto.