Skrubu Si Dawa ya Kila Injini Inayotetemeka

Injini ya kabureta ikitetemeka gari likiwa limesimama, mwendo wake ukapanda na kushuka pasipo mguu kugusa pedali, tiba nyepesi ni kuchukua bisibisi na kukaza skrubu ya mwendo mpaka mtikisiko usisikike. Mwenye gari hulipa, akaondoka ameridhika. Kwa hakika hakuna kilichotengenezwa. Dalili imefunikwa, ugonjwa umebaki palepale, na petroli inayoteketezwa imeongezeka.

Kosa hili si la ufundi peke yake. Ni kosa la kufikiri, na dawa yake yapasa ianzie darasani. Mwanafunzi anayeweza kukokotoa kanieneo ya gesi ubaoni, lakini asiweze kuuliza ni sababu zipi ziwezazo kuitetemesha injini na zitenganishwe vipi, amepata nusu tu ya sayansi.

Hebu tatizo lenyewe litazamwe. Mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ambao mafundi huuita sailensa, mara nyingi huwa kati ya 600 na 900 kwa dakika. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne, ikizunguka mara 800, huwasha mchanganyiko mara 1,600 kwa dakika, yaani mara 400 katika kila silinda. Kila kilo ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa.

Katika sailensa kilango cha hewa huwa karibu kimefungwa. Hewa inayoingia ni kidogo, na mvuto ndani ya bomba la kuingizia ni mkubwa. Ufa mdogo katika mpira wowote wa bomba hilo huingiza hewa isiyopimwa, nayo huwa sehemu kubwa ya hewa yote. Barabarani, kilango kikiwa wazi, ufa uleule si kitu. Ndiyo maana skrubu huonekana kutibu: hukifungua kilango zaidi, uwiano wa hewa hiyo ya wizi ukapungua.

Hapo ndipo hoja huanza kutenganisha sababu. Injini inayotetemeka ikisimama na kutulia ikikimbia huelekeza macho kwanza kwenye uvujaji wa hewa. Inayokosa moto katika kila mwendo huelekeza kwenye plagi na umeme wake. Masizi meusi makavu kwenye plagi zote hushuhudia petroli iliyozidi. Plagi moja iliyolowa, tatu zikiwa kavu, huonyesha silinda isiyowaka. Ikiwa moto na petroli ni sawa lakini silinda moja ni dhaifu, hapana budi mgandamizo wake upimwe, kwani huenda vali haifungi.

Wapo watakaosema kwamba magari ya leo yana kompyuta, hivyo maarifa haya yamepitwa na wakati. Kinyume chake, yanahitajika zaidi. Chombo cha kusomea kompyuta kikitangaza kwamba petroli ni pungufu, kimetaja dalili tu. Sababu yaweza kuwa mpira uliopasuka, pampu iliyochoka, au kipima hewa kilichochafuka. Anayenunua kipuri kwa kufuata tangazo hilo bila kupima hana tofauti na mkaza skrubu. Hasara yake ndiyo kubwa zaidi.

Wengine watasema shule hazina vifaa. Injini moja kuukuu, bisibisi, na kipande cha mpira cha kutegea sikio mlio wa hewa inayovuja vyatosha kwa kuanzia. Tahadhari ndizo zisizopungua: injini iwashwe nje, kwa kuwa kaboni monoksaidi huua bila harufu, waya za plagi zisishikwe, maana hubeba maelfu ya volti, wala petroli isinyunyizwe kutafuta uvujaji. Mtegaji naye akae mbali na feni na mikanda.

Fundi stadi hufanya haya kila siku, ingawa hayaiti majaribio ya kisayansi. Mwalimu wa fizikia na amkaribishe shuleni. Wanafunzi waandike kwanza sababu wanazozidhania, wapange kipimo cha kila moja, ndipo wafungue boneti. Atakayejizoeza kutogusa skrubu kabla ya kujua sababu hatailinda injini tu, bali na mfuko wa mwenye gari.