FUNDI AJIBU: Pedali Iliyokwama
Msomaji mmoja auliza: tingatinga lake la zamani limekaa nje masika yote, na sasa pedali ya klachi haishuki. Je, aipige nyundo?

La, bwana! Chuma cha kusubu huvunjika. Shusha koleo la mbele mpaka chini, injini ikiwa imezimwa. Ondoa matope kwenye shafti ya pedali, tia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Asubuhi itikise kidogo kidogo, kisha utie grisi.

Ikilegea, usifurahi upesi. Sahani za klachi nazo huenda zimeshikana kwa kutu. Washa injini gia ikiwa huru, watu wakae mbali, ukanyage pedali. Gia ikisaga, zima. Tingatinga lisilokata klachi laweza kuua mtu.