Orki Asipewe Kiswahili cha Lubumbashi

Mwezi wa nane 2025, kwenye maonyesho ya michezo ya video ya Gamescom mjini Cologne, Ujerumani, ilitangazwa kwamba Warhammer 40,000: Dawn of War IV unatengenezwa na utatoka 2026. Watengenezaji ni King Art wa Bremen. Wenzangu wengi wa kitivo hiki hawana habari nao, na siwalaumu. Lakini humu ndani kuna kazi ya mwanaisimu kuliko watu wanavyodhani, na kuna kosa moja ambalo naliona linakuja kutoka mbali. Ndiyo maana naandika kabla mchezo haujafika.

Kwanza neno lenyewe. Huku kwetu kampeni ni fulana ya mgombea, gari la vipaza sauti na unga unaogawiwa siku tatu kabla ya kura. Katika mchezo wa mikakati, kampeni ni hadithi ambayo mchezaji anaipitia peke yake, vita baada ya vita: anapewa maelezo, anajenga kambi, anaunda jeshi, anatuma watu wake kufa au kushinda, kisha hadithi inasonga. Upande mwingine ni kucheza dhidi ya watu wengine kwenye intaneti, na huko lugha haina kazi kubwa. Unahitaji vidole na kasi. Ukibofya askari na asiposema kitu, bado utashinda.

Kampeni ni kinyume chake. Ondoa lugha, hakuna kilichobaki. Na kampeni ndiyo mchezo wetu sisi, kwa sababu ambayo kila mkazi wa Katuba anaijua: mega ni ghali, umeme unakatika, na kampeni unaweza kuihifadhi saa nne usiku na kuiendeleza siku umeme unaporudi. Kwa hiyo sehemu tunayoweza kuicheza ndiyo sehemu iliyofungwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Vijana wanaruka maelezo yote, wanabofya mpaka risasi zianze. Nimewaona wakimaliza mchezo mzima bila kujua walikuwa wanapigania nini.

Watengenezaji wanasema kampeni hii ina misheni zaidi ya 70, imegawanywa kwa majeshi manne, na hadithi imeandikwa na John French, mwandishi wa riwaya za ulimwengu huo huo. Sabini ni nyingi. Nina wasiwasi nyingine zitakuwa vita vya kujaza nafasi tu, kama mikoa mingi ya Dark Crusade ya 2006, ambapo ni ngome kuu pekee zilizokuwa na hadithi yake. Lakini heri hivyo kuliko Dawn of War III ya 2017, iliyomlazimisha mchezaji kurukaruka kutoka jeshi hadi jeshi kabla hajazoea hata moja. Mahali ni Kronus, sayari ile ile ya Dark Crusade. Kila jeshi linadai ni yake na wenyeji hawaulizwi. Msomaji kutoka Kivu hahitaji maelezo zaidi.

Sasa majeshi yenyewe, maana hapa ndipo isimu inapoingia. Kunguru wa Damu ni askari wa Dola ya wanadamu, nusu wanajeshi nusu watawa, wanasema kama watu wanaosoma misale. Adeptus Mechanicus, ambao kwa mara ya kwanza wanapata jeshi lao wenyewe katika mfululizo huu, ni makuhani wa Mirihi wanaoabudu mashine. Wanekroni ni wafalme wa kale waliohamishiwa katika miili ya chuma wakalala makaburini miaka milioni 60, na sasa wameamka na hasira zao. Halafu Maorki: majitu ya kijani yanayopenda vita kama sisi tunavyopenda mpira.

Kwa Kiingereza, Maorki wanasema lugha ya mitaa ya London, ya watu wa kazi za mikono. Wanadondosha h: neno lenye maana ya wanadamu linakuwa 'umies. Mwingereza anacheka kwa sababu anamjua mjomba anayesema hivyo. Watungaji ni Waingereza wenyewe, wanajicheka nyumbani kwao, shauri yao.

Na sasa fikiria mfasiri wa Kiswahili aliyepewa kazi hii wiki mbili na malipo madogo. Anatafuta Kiswahili kinachodondosha h. Hatafuti mbali. Sisi ndio tunaosema apa, uyu, aba. Sisi ndio tunaosema batu, batoto, beko. Atawapa Kunguru wa Damu Kiswahili sanifu cha kitabu cha shule: «Maadui wako hapa.» Maorki atawapa: «Baadui beko apa!» Kila mtu wa Dar es Salaam atacheka. Na mtoto wa Kamalondo atasikia mashujaa wakisema kama redio ya nchi jirani, na mazimwi yakisema kama mama yake.

Nimelieleza jambo hili kwa wenzangu na baadhi wamenipinga vizuri. Mmoja, anayeandika kazi yake juu ya fonolojia ya Kiswahili cha Lubumbashi, aliniambia: Orki ndiye anayependwa kuliko wote, ndiye mchangamfu, ndiye wachezaji wanayemwiga, kumpa lugha yetu ni heshima. Nakubali kwamba anapendwa. Sikubali hiyo heshima. Anayependwa kwa sababu ni mjinga haheshimiwi, na lugha inayoitwa kila panapotakiwa kicheko mwishowe haiitwi pengine popote. Sisi tuliosoma hapa tunajua uzito wa jambo hili. Tangu shule ya msingi tumesikia kwamba tunachosema nyumbani si Kiswahili, ni «kiswahili cha barabarani», kana kwamba barabarani hakuna sarufi. Sihitaji chombo kirudie somo hilo kwa sauti ya zimwi.

Na mfano wa kinyume tunao hapa hapa mjini. Kundi la Mufwankolo limechekesha Lubumbashi kwa Kiswahili hiki hiki, lakini jukwaani kwao chifu alikisema, mwizi alikisema, na baba mwenye nyumba alikisema. Cheo cha mtu ulikijua kwa namna alivyopanga maneno, kwa nani alisubiri nani amalize kusema. Lahaja haikugawiwa kama sare.

Hapo ndipo pa kuanzia. Tofauti za majeshi manne zitafutwe ndani ya Kiswahili chenyewe, katika mambo ambayo Kiswahili kinayo na Kiingereza hakina.

Chukua ngeli. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kiumbe hai, hata jina lake likiwa la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa a- na wa-: kiboko anakuja, si kiboko kinakuja. Wengi wetu tumelifanyia mtihani jambo hili na kulisahau. Lakini angalia linavyofanya kazi kwenye Kronus. Kunguru wa Damu anaona mtambo umeharibika, anasema: «Mashine imekasirika.» Kuhani wa Mirihi anaamini kila mashine ina roho. Yeye aseme: «Mashine amekasirika.» Herufi moja imebadilika na dini nzima imeingia katika sentensi. Hakuna haja ya maelezo, hakuna haja ya tanbihi. Mchezaji akisikia «bunduki wangu ana kiu» mara tatu, amekwisha kumjua huyu mtu ni nani.

Wanekroni ni bora zaidi. Walikuwa watu, sasa ni vyuma. Wao wenyewe wajitaje kwa wa-, tena kwa fahari yote ya kifalme: «Waliolala wameamka.» Majeshi mengine yote yawataje kwa vi-: «Vimeamka. Vinakuja.» Ugomvi wote wa hadithi, kama hawa bado ni watu au la, unabebwa na kiambishi. Na ikitokea katikati ya kampeni askari mmoja akateleza akasema «wanakuja», mchezaji mwenye masikio atatetemeka. Sijui lugha ya Ulaya inayoweza kufanya hivyo kwa silabi moja.

Kwa Maorki nina pendekezo ambalo naliona limekaa vizuri: ukuzaji. Katika ulimwengu wao mkubwa wa mwili ndiye mkubwa wa cheo, na Orki anayeshinda vita huendelea kukua. Basi wasiseme kisu, waseme jisu. Nyumba iwe jumba, ngoma iwe goma, nyoka awe joka, na adui mwenye nguvu awe jitu. Kila nomino inayoweza kunenepeshwa inenepeshwe. Ongezea tanakali za sauti, ambazo lugha zetu zinazo kwa magunia: pu, twaa, chubwi. Orki asimulie vita kwa kitenzi kimoja tu: «Jitu likaja, jisu twaa, chini pu!» Hii inachekesha, ina kelele, na haimtukani mkazi wa mji wowote. Mswahili wa Mombasa na wa Bukavu watacheka pamoja, hakuna atakayemwangalia mwenzake.

Linabaki swali la amri, na hili nalitaja kwa haraka ingawa lingeweza kuwa makala nyingine. Mchezo wa mikakati ni amri tupu. Unabofya, askari anajibu, mara mia kwa saa. Jibu liwe fupi, na kwa ufupi Kiswahili hakishindwi: «Tutawamaliza» ni neno moja lenye mtendaji, wakati, mtendwa na kitendo. Lakini askari amwite nani anayemwamuru? «Ndiyo, bwana» itakuja yenyewe kalamuni, na mimi naiogopa. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, alionyesha jinsi lugha yetu ilivyofanywa chombo cha kazi na amri mikononi mwa watu wasiotaka kuzungumza nasi bali kutuma. Sauti inayojibu «ndiyo, bwana» kila unapobofya inanirudisha kwenye veranda nisiyotaka kuijua. Tuweke «ndiyo, shefu», neno ambalo kila askari na kila dereva wa teksi hapa analisema bila kuinama.

Kuna aliyeniuliza, nusu kwa mzaha, kwa nini askari wasiseme Lingala, maana kwa kizazi cha wazazi wetu mwanajeshi ni Lingala: ndiyo iliyokuwa lugha ya Force Publique, kisha ya jeshi la Mobutu. Kiswahili cha wenye bunduki kiliingia Kinshasa na AFDL mwaka 1997, na wako wanaokisikia hivyo mpaka leo. Si mzaha hata kidogo. Anayefasiri vita kwa Kongo ajue kwamba hapa lugha ya mwenye silaha haijawahi kuwa suala la msamiati tu. King Art wenyewe, katika Iron Harvest ya 2020, walirekodi Kipolandi, Kirusi na Kijerumani kwa pande tatu za vita vyao. Wanajua kwamba masikio yanakumbuka.

Sitegemei kampuni ya Bremen ituletee Kiswahili, na sioni sababu ya kuingoja. Michezo mingi ya kompyuta huweka maandishi yake katika mafaili ambayo wachezaji wa nchi nyingine wamejifunza kuyafungua na kuyafasiri wenyewe, bila ruhusa kubwa na bila malipo. Wanachokosa wao mara nyingi ni isimu. Sisi isimu tunayo, tunaihifadhi katika kazi za mwisho wa masomo zinazofungwa kwa kamba na kuwekwa juu ya kabati. Kila mwaka tunakusanya methali zile zile za vijiji vile vile, wakati chumba cha michezo ya video kilichoko mbele ya geti kimejaa vijana wa miaka kumi na mitano wanaoruka kila neno. Nikipewa nafasi ya kusimamiwa, mada yangu ni hii: upatanisho wa ngeli kama mbinu ya kutofautisha wahusika katika tafsiri ya mchezo. Najua kuna walimu watakaoona aibu kuisoma kwa sauti mbele ya jopo. Wasome kwanza ukurasa wa Wanekroni.

Tayari tumeanza, watu wanne, jioni, kwa karatasi, tukitumia maneno ya Dark Crusade kwa kuwa hiyo tunayo. 'Umies ilitusumbua wiki nzima. Ka- na tu- za Lubumbashi zilikuwa zinabisha hodi, tukazikataa kwa sababu niliyoieleza, mpaka mmoja wetu, mtu wa Uvira, akasema: «Vijitu.» Lina dharau, na ile ji- imebaki ndani yake kana kwamba Orki hawezi kudogosha kitu bila kwanza kukikuza. Tukaliandika bila kupiga kura.

Kilichotushinda ni Waaagh. Kwa Maorki hilo ni kelele ya vita, ni vita vyenyewe, na ni ile nguvu inayowakusanya, vyote kwa pamoja, na haliwezi kufasiriwa. Litabaki lilivyo. Lakini lazima liingie katika ngeli fulani ili sentensi isimame. Wawili wanasema «Waaagh yao inakuja», kama maneno mengine mengi ya kigeni. Mimi na mtu wa Uvira tunasema «Waaagh lao linakuja», kwa sababu kitu kikubwa namna ile hakiwezi kukaa katika ngeli moja na kalamu na kahawa. Kama una hoja, tunakutana siku ya Alhamisi nyuma ya maktaba.