Mionzi inashusha kinga, lakini usikatishe tiba

Ukitoka Buhare kwenda Bugando, Mwanza, kwa tiba ya mionzi, unapanga nauli, malazi na chakula cha wiki 5 au zaidi. Panga pia kinga yako ya mwili.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini. Mgonjwa hupigwa mionzi siku 5 kwa wiki, takriban mara 25, kisha mionzi ya ndani. Wengi huongezewa sisplatini kila wiki. Mionzi hiyo hupita kwenye nyonga, na uboho wa mifupa ya nyonga hutengeneza sehemu kubwa ya damu yako. Seli nyeupe aina ya limfosaiti, askari wa kinga, hufa hata kwa dozi ndogo ya mionzi. Kwa hiyo wanaosema mtaani kwamba "mionzi inamaliza kinga" hawasemi uongo mtupu. Wanapotosha wanapokushauri urudi nyumbani upumzike kwanza. Tiba hii inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8. Ikichelewa, uwezekano wa uvimbe kurudi huongezeka.

Hapa ndipo VVU inapoingia. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hii takriban mara 6 zaidi ya asiye navyo. Akitumia ARV vizuri na virusi vikafubaa, anaweza kupewa dozi kamili kama wengine. Mwenye CD4 za chini ndiye ambaye mara nyingi damu hushuka, huharisha, na tiba husimamishwa.

Basi pima VVU kabla ya safari. Kama uko kwenye dawa, omba kliniki yako ya Musoma ikupe za kutosha kipindi chote, na usiziache kwa kudhani zinagongana na mionzi. Ukiwa Mwanza, usikose kipimo cha damu cha kila wiki. Ukipata homa, mwambie daktari siku hiyohiyo, usianzie duka la dawa. Na zile dawa za mitishamba "za kuongeza kinga"? Mweleze daktari kabla hujazinywa.

Zamani safari iliishia Ocean Road, Dar es Salaam, hivyo kusogea hadi Mwanza ni nafuu kubwa. Ila mgonjwa wa Mara anaweza asilazwe kwa wiki zote hizo. Akilazimika kujitafutia pa kulala, na akila mlo mmoja kwa siku, anafika kliniki akiwa hoi. Malazi na chakula vingepaswa kuhesabiwa ndani ya gharama ya tiba.