Uchungu wa dawa si ithibati ya tiba

Katika masoko na vituo vya matatu nchini, si ajabu kumkuta mchuuzi amepanga chupa za maji machungu ya miti shamba, akiwahakikishia wapita njia kwamba kikombe kimoja kitaondoa kiungulia, gesi na vidonda vya tumbo kwa mpigo. Wanunuzi hawakosi. Imani yao ina mizizi mirefu: mwarobaini ulipata jina lake kwa kusadikiwa kutibu maradhi 40, nayo shubiri imetumika tangu jadi.

Imani hiyo si ya kubezwa. Ladha chungu inapogusa ulimi huchochea mate, na huweza kuchochea pia majimaji ya tumboni yanayosaga chakula. Hivyo, aliyevimbiwa baada ya mlo mzito aweza kupata nafuu.

Tatizo huanza pale nafuu inapodhaniwa kuwa tiba. Mnamo 2005, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua bakteria aina ya Helicobacter pylori na mchango wake katika vidonda vya tumbo. Bakteria hao huangamizwa kwa mseto wa dawa za hospitalini baada ya vipimo. Kwa mwenye vidonda, kinywaji kinachoongeza asidi chaweza kuzidisha maumivu.

Lililo baya zaidi ni kuchelewa. Saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazowaua Wakenya wengi, na mgonjwa anayetuliza dalili kwa chupa baada ya chupa hufika hospitalini maji yakiwa yamezidi unga.

Isitoshe, si kila kitokacho shambani ni salama. Utomvu wa manjano wa shubiri huendesha tumbo kwa nguvu. Mnamo 2002, Marekani iliamuru dawa za kuendesha zenye utomvu huo ziondolewe miongoni mwa zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa.

Kisheria, Kenya haikulala. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba za kiasili na kuagiza kuundwa kwa chombo cha kuzisimamia, nayo Bodi ya Dawa na Sumu husajili dawa za mitishamba. Hata hivyo, sheria iliyo kwenye karatasi haimfai mnunuzi wa chupa isiyo na jina la mmea, kipimo wala tarehe ya kuharibika. Kuwafukuza wachuuzi pekee hakutoshi. Waganga wenye ujuzi wanastahili njia nyepesi ya kupeleka dawa zao zikapimwe.

Kwa sasa, mwananchi ajilinde. Anayetapika damu, kupata choo cheusi, kukonda bila sababu au kutatizika kumeza aende hospitalini mara moja, kwani mficha maradhi kilio humfichua.